Hati ya Kiwanja Mfukoni mwa Fundi

Ndugu msikilizaji, hivi ukinunua kiwanja chako Chanika au Kigamboni, unaweza kumwambia fundi mwashi, "Wewe ndiye utakayejenga, basi na hati iandikishwe kwa jina lako, tusisumbuane"? Najua unacheka. Katika jiji hili hata mtu asiyejua kusoma, akiuziwa kiwanja, huita mjumbe, huita mashahidi, hutaka karatasi ipigwe muhuri wa serikali ya mtaa, na bado usiku huamka kuitazama karatasi hiyo kama ingali chini ya godoro.

Lakini watu hao hao, mahodari wa kulinda viwanja, wakitaka tovuti ya biashara hufanya kile kile wanachokicheka. Humwita kijana anayejua kompyuta, humpa fedha na kumwambia, "Fanya kila kitu, mimi mambo haya siyawezi." Kijana hufanya kila kitu kweli kweli. Na ndani ya hicho kila kitu, imo hati.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limeingia nyumbani kwangu, na mwenye kosa la kwanza ni mimi.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana kampuni ndogo ya utalii Arusha. Ana magari matatu, wapishi wawili, na waongoza watalii anaowakodi msimu ukifika. Mwaka 2016 aliniomba nimtafutie mtu wa kumtengenezea tovuti. Nikampeleka kwa kijana mmoja tuliyemwona akikua pale mtaani kwetu, mpole, mwenye adabu, na fundi hasa. Akalipwa shilingi laki tisa. Baada ya wiki tatu tovuti ikawa tayari, ina picha za tembo wa Tarangire na za Mlima Kilimanjaro, pamoja na anuani ya barua pepe yenye jina la kampuni. Shemeji alifurahi hata akaandikisha anuani ile kwa rangi kwenye milango ya magari yote matatu. Kila mwaka kijana alimkumbusha ada ya jina, shemeji akatuma fedha kwa simu, kijana akalipia. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Mwaka 2021 kijana akaenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Aprili 2022 muda wa lile jina ukaisha, na shemeji, aliyezoea kukumbushwa, safari hii hakukumbushwa na mtu. Aprili ni masika. Wageni hakuna, ofisi iko kimya, na ukimya wa barua haukumshtua mtu. Ilikuwa mwishoni mwa Mei ambapo wakala wake wa Ujerumani alipiga simu kuuliza kama kampuni imefungwa, maana barua zake zote zilikuwa zinarudi.

Basi tukaanza kumtafuta kijana. Namba yake ya simu ikapokelewa na mfanyabiashara wa Tabora ambaye hamjui, kwa kuwa laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Mama yake alikuwa amehamia kwao kijijini. Tulipompata hatimaye, kupitia rafiki wa rafiki, alisikitika sana. Alikuwa radhi kusaidia. Ila jina lile alikuwa amelisajili kwa jina lake mwenyewe, kwa anuani yake ya barua pepe ya zamani, na neno la siri la anuani hiyo, lile vijana wanaloita paswedi, alikuwa amelisahau. Wiki ya kwanza ya Julai, wakati nyumbu wanaelekea kuvuka Mto Mara na magari ya watalii yamepangana Serengeti, jina la kampuni ya shemeji yangu lilinunuliwa na mtu tusiyemjua. Ukifungua anuani ile leo, unakuta matangazo ya kamari.

"Shemeji," aliniambia, "huyu mtu wewe ndiye uliyeniletea." Sikuwa na jibu.

Sasa hebu tuulizane, tovuti ni kitu gani hasa? Mimi si mtaalamu wa kompyuta, lakini baada ya msiba ule nililazimika kujifunza. Kile tunachokiona kwenye kioo kama kitu kimoja, kwa kweli ni vitu vitatu, na kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe.

Kuna jina, yaani ile anuani inayoishia .com au .co.tz. Wataalamu wetu huliita jina la kikoa. Nacheka kidogo nikilisikia, kwa sababu wazee wetu walilijua neno kikoa kwa maana ya chakula cha kushirikiana, watu wakilishana kwa zamu. Jina la tovuti si la kula kwa zamu. Lina mmiliki mmoja aliyeandikwa kwenye daftari, na daftari halijui nani alitoa fedha. Linajua nani ameandikwa. Hapa kwetu daftari la majina yanayoishia .tz lilipata kushikwa na tzNIC, chombo kilichoanzishwa mwaka 2006, nawe husajili kupitia kampuni za wasajili zilizoidhinishwa. Kenya wana KeNIC. Majina ya .com nayo yana wasajili wake dunia nzima, chini ya kanuni za taasisi iitwayo ICANN iliyoundwa Marekani mwaka 1998.

Kisha kuna nafasi, yaani chumba unachopanga kwenye kompyuta kubwa, seva, ambamo kurasa zako zinakaa. Hiki ni chumba cha kupanga tu. Mwenye nyumba akikuudhi, unahamisha vyombo.

Cha tatu ni vyombo vyenyewe: maandishi, picha, na programu inayovipanga. Tovuti nyingi za biashara ndogo zinajengwa kwa programu ya WordPress, iliyotoka mwaka 2003 na ambayo haiuzwi. Maana yake ni kwamba fundi mwingine anaweza kuendelea pale alipoishia wa kwanza, mradi tu umempa funguo.

Mwenye jina anaweza kupoteza nafasi na vyombo, akapanga seva nyingine, akapakia nakala yake, na kesho wateja wakamkuta pale pale. Lakini aliyepoteza jina, hata akiwa na picha zake zote, ni sawa na mwenye duka aliyebaki na bidhaa barabarani. Na barua pepe ndizo zinazouma zaidi. Anuani zote za kampuni zimening'inia kwenye jina lile. Jina likianguka, zinaanguka zote, na kwa mfanyabiashara wa utalii barua pepe ndiyo mlango wa dukani.

Wengine watasema huu ni uzembe wa wafanyabiashara wadogo. Sivyo. Desemba 24, 1999, mkesha wa Krismasi, kampuni ya Microsoft, tajiri kuliko nchi nyingi, ilikuwa imesahau kulipia jina la passport.com, ambalo watumiaji wa barua pepe za Hotmail walilipitia ili kuingia. Watu wakawa hawawezi kufungua barua zao. Aliyewaokoa ni mtaalamu mmoja wa programu wa huko huko Marekani, Michael Chaney, ambaye hakuwa mwajiriwa wao. Aliona kasoro, akatoa kadi yake ya benki na kuwalipia ada: dola 35. Microsoft walibahatika kukutana na mwungwana. Shemeji yangu alikutana na wacheza kamari.

Si kwamba jina hupotea usiku mmoja. Kwa majina ya .com, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45 baada ya muda kuisha, ingawa wengine huanza kuliuza mapema. Likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za mwisho, kisha liko sokoni kwa yeyote. Wasajili wanatakiwa watume onyo mwezi mmoja hivi kabla, na tena wiki moja kabla, na jingine siku chache baada ya muda kuisha. Maonyo yote hayo yalitumwa katika habari ya shemeji yangu, nina hakika. Yalikwenda kwenye sanduku la barua ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilifungua.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla kijana hajachora hata mstari mmoja, kaa naye, jina lisajiliwe wewe ukiwepo. Jina la mmiliki liwe lako au la kampuni yako, kama lilivyo kwenye leseni ya biashara. Ada ya mwaka lipa mwenyewe. Haifiki bei ya kujaza mafuta tangi la gari dogo. Namba ya simu iwe yako, ile uliyoisajili kwa alama za vidole vyako, kwa sababu siku hizi tarakimu za kuthibitisha hutumwa kwenye simu, na mwenye simu ndiye mwenye mali. Na barua pepe utakayoandikisha kwa msajili isiwe ile inayotegemea jina lenyewe. Jina likizimika, anuani nayo imezimika, na barua ya kukuokoa itakuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kuanguka.

Kama tovuti unayo tayari, nenda kaangalie leo. Mwulize msajili, au tafuta kwenye huduma ya kuulizia majina, uone nani ameandikwa. Kwa majina ya .com habari za wamiliki wengi zimefichwa tangu mwaka 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda faragha ilipoanza kutumika, kwa hiyo usihangaike kutazama kwa nje. Mwombe fundi wako uingie mwenyewe kwenye akaunti ya msajili, yeye akiwa pembeni. Akianza kujiumauma, umekwisha kujua.

Kuhusu kurasa, mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Uandike kwamba malipo yakikamilika kazi ni yako, na kwamba utapewa nakala kamili ya mafaili na hifadhidata, pamoja na akaunti ya usimamizi isiyo na mkubwa juu yake. Ulizia pia kama ametumia programu za kulipia zenye leseni kwa jina lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema hivyo kabla ya kompyuta.

Nisije nikaonekana nawasema vijana hawa peke yao. Nimezungumza na kadhaa wao, na wana kilio chao. Mabosi wengi hulipa nusu, kisha huanza "njoo kesho". Fundi ametumia usiku wake mwezi mzima, tovuti iko hewani, mteja anajivunia kwa marafiki, na fedha iliyobaki haionekani. Silaha pekee aliyonayo ni kulishikilia jina au kuizima tovuti. Mwingine aliniambia waziwazi, "Mzee, nikiwapa paswedi hawapokei simu yangu tena." Simlaumu kwa hofu yake, lakini hati ya kiwanja si rehani ya kudai ujira wa kupaka rangi. Dawa ni kulipana kwa hatua: kiasi mwanzoni, kiasi mchoro ukikubaliwa, na kinachobaki siku ya kukabidhiana. Jina liwe la mteja tangu siku ya kwanza. Kurasa zibaki mikononi mwa fundi hadi shilingi ya mwisho. Na baada ya hapo, ukitaka aendelee kuitunza, mlipe kwa mwezi au kwa mwaka kama unavyomlipa mlinzi. Kumpigia mtu saa tano usiku "unibadilishie picha tu hapo" miaka sita baada ya kumlipa mara moja, huo nao ni unyonyaji.

Wako watakaosema tovuti zimepitwa, biashara siku hizi iko Instagram na WhatsApp. Waulize basi: ukurasa huo ulifunguliwa kwa simu ya nani? Mara nyingi ni ya binti aliyekuwa anauza dukani mwaka juzi, akaondoka kwa ugomvi wa mshahara.

Shemeji yangu alisajili jina jipya linaloishia .co.tz Agosti ile ile ya 2022, akiwa ameketi yeye mwenyewe mbele ya kompyuta, mimi nikiwa nyuma yake sina la kusema. Msimu ule alipoteza makundi manne, mawili kati yake ya wageni waliokuwa wakija kwake kila mwaka. Wakala wa Ujerumani alirudi. Mwingine wa Uholanzi hajarudi mpaka leo. Aliyemtengenezea kurasa mpya ni kijana yule yule, kutoka huko huko Afrika Kusini, na hakutaka kulipwa. Magari mawili yamepakwa rangi upya. La tatu bado lina anuani ya zamani mlangoni, na kila likisimama kwenye geti la mbuga, anasema, kuna mgeni anayetoa simu na kuipiga picha.