Mtoto Ajifunze Kujitawala Kabla ya Kwenda Shule



Hapa Kenya mtoto wa miaka 4 aweza kuingia darasa la awali, na wa miaka 6 huanza shule ya msingi. Wazazi wengi hujitahidi kumnunulia sare na daftari, na kumfundisha kuhesabu. Hayo ni mema. Lakini liko jambo ambalo mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kulitimiza peke yake, nalo ni kumfundisha mtoto kujitawala.

Katika mji wa Dunedin, nchi ya Nyuzilandi, wataalamu wamewafuata watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2011 walieleza ya kwamba wale walioweza kujizuia utotoni, walipofikia miaka 32, kwa jumla walikuwa na afya na akiba bora kuliko wenzao, tena wachache wao walipatikana na hatia mahakamani.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya wageni. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya watoto wa miaka 4 wa kabila la Nso, Kamerun, na wenzao wa Ujerumani. Kila mtoto aliwekewa kitamu kimoja, akaambiwa ya kuwa akingoja bila kukila atapata cha pili. Wajerumani walioweza kungoja walikuwa karibu 3 katika 10; Wanso, watoto wa wakulima, karibu 7 katika 10. Basi malezi ya shambani si ya kudharauliwa.

Yafaa tufanye nini?

Kwanza, mtoto apewe kazi za kimo chake: kuvaa viatu, kunawa mikono, kwenda chooni mwenyewe, kurudisha kikombe jikoni. Akikawia, msimnyang'anye kazi kwa haraka yenu.

Pili, afundishwe kuitaja hasira yake. Mwambieni, "Umekasirika kwa sababu ndugu yako amechukua gari lako la waya." Mwenye neno la kusema hana haja ya kuuma wala kupiga.

Tatu, timizeni ahadi. Mtoto aambiwaye "ngoja" kila siku, naye asipate kitu, hujifunza kunyakua.

Nne, mzazi naye ajitawale. Mtoto anayetulia kwa hofu ya fimbo tu hutulia maadamu fimbo ipo. Lakini aliyemwona baba yake akikasirika, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, amepata mfano wa kuchukua popote aendapo.

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Siku ya kwanza ya shule mama hurudi nyumbani, na mtoto hubaki na wageni. Saa ile sare mpya haitamtuliza. Kitakachomsaidia ni kile alichozoezwa nyumbani, siku baada ya siku, bila gharama ya hata senti moja.