Kanzu Ndogo ya Hana

Somo: 1 Samweli 1:9-18 na 2:18-21

Jumapili hii tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloigusa karibu kila nyumba inayotusikia, nalo ni ushirikiano kati ya mzazi na mwalimu. Tumechagua habari za Hana, mama yake nabii Samweli, kwa kuwa ndani yake tunamwona mzazi aliyemkabidhi mtoto wake kwa mlezi mwingine, wala hakuacha kuwa mzazi.

Hana aliishi miaka mingi bila mtoto. Alipojaliwa mwana, aliitimiza nadhiri yake: mtoto alipokwisha kuachishwa ziwa, alimpeleka Shilo, katika nyumba ya Bwana, akamweka chini ya malezi ya kuhani Eli. Hapo wengi wetu tungedhani kwamba kazi ya mama imekwisha. Lakini Maandiko yanatueleza kuwa kila mwaka, Hana alipopanda pamoja na mumewe Elkana kutoa dhabihu, alimchukulia Samweli kanzu ndogo aliyomtengenezea mwenyewe.

Hebu tuitafakari kanzu hiyo. Mtoto hukua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Anayeshona hana budi kujua mabega yamepanuka kiasi gani na mikono imerefuka kiasi gani. Hana hakuishi nyumba moja na Samweli, lakini alikijua kipimo chake. Nasi je, tunavijua vipimo vya watoto wetu? Tunajua kama mtoto wetu wa darasa la tatu anasoma sentensi kweli, au anakariri tu aliyoyasikia kwa wenzake? Tunalijua jina la mwalimu wake? Tunajua ni kwa nini siku hizi anaugua tumbo kila Jumatatu asubuhi?

Wako wazazi wasemao, "Nimekwisha kumpeleka shule, yaliyobaki ni ya mwalimu." Hapa Tanzania ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa pia katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Hiyo ni neema kubwa, na watoto wengi wa maskini wameingia darasani kwa mlango huo. Lakini wako waliosikia maneno "bila malipo" wakaelewa "bila mzazi". La hasha! Maelekezo ya serikali yenyewe yaliwaachia wazazi wajibu wa sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa. Zaidi ya hayo, kalenda ya masomo ina siku 194 kwa mwaka. Siku 171 zinazobaki, mtoto yuko mikononi mwa nani? Hata katika zile 194, jioni na usiku ni vya nyumbani. Mwalimu aliyewekewa kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa, na ambaye mara nyingi ana wengi kuliko hao, hawezi kuwa baba na mama wa wote. Wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Sasa tugeuke upande wa mwalimu, maana somo letu lina neno kwake pia. Eli na Hana hawakuanza vizuri. Hana alikuwa akiomba kwa uchungu, midomo ikicheza pasipo sauti. Eli akamtazama, akadhani mama huyu amelewa, akamkemea. Ndugu zetu walimu, ni mara ngapi mzazi hukemewa kabla ya kusikilizwa? Mama ametoka shambani au sokoni, kanga yake imepauka, miguu ina vumbi, hajui aanzie wapi kueleza shida yake. Anasemwa mbele ya wanafunzi, na mwanawe yupo anasikia. Mzazi huyo akiondoka siku hiyo, hatarudi tena kwa hiari yake. Tena, katika nyumba nyingi barua ya shule huingia kwa mambo mawili tu, ama mchango ama kosa. Basi mzazi akiiona, moyo hushtuka. Laiti barua moja kati ya tatu ingesema kwamba mtoto ameongeza bidii, au kwamba amemsaidia mwenzake mgonjwa!

Tazameni jinsi Hana na Eli walivyotoka katika kosa lile. Hana hakujibu kwa matusi, wala hakwenda kumsimulia jirani habari za kuhani mkali. Alimweleza Eli ukweli wake kwa heshima. Naye Eli, mzee na kiongozi wa watu, hakung'ang'ania neno lake la kwanza. Alisikia, akaacha lawama, akambariki. Ukuhani wake haukupungua kwa hilo. Na ni katika mazungumzo hayo ya dakika chache ndipo ulipopatikana msingi wa malezi ya Samweli. Kama Eli angekuwa na kiburi, au Hana angekuwa na kinyongo, mtoto yule angeachwa mikononi mwa nani?

Hatusemi kwamba ushirikiano ni kunyamazia uovu. Ikiwa mtoto ameumizwa au amedhulumiwa, mzazi ana haki na wajibu wa kulifikisha jambo hilo kwa mwalimu mkuu, kwa kamati ya shule na kwa vyombo vya sheria. Ikiwa mtoto anateswa nyumbani, mwalimu naye asifumbe macho. Eli mwenyewe alihukumiwa na Mungu kwa kuwa aliyajua maovu ya wanawe asiwazuie. Lakini kumtukana mwalimu mbele ya darasa, kwa habari iliyosikiwa kutoka upande mmoja tu, hakumponyi mtoto. Humfundisha kwamba walezi wake wawili hawasemezani, na kwamba katikati yao ipo njia ya kupita bila kuonekana.

Na njia hiyo, wapendwa, ina hatari. Mnakumbuka habari za Yesu alipokuwa na miaka 12. Yusufu na Maria walitoka Yerusalemu wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa na marafiki. Hawakuwa wazazi wazembe. Kila mmoja aliamini tu kwamba mtoto yuko kwa mwingine. Leo mtoto anatoka nyumbani asubuhi na mfuko wa madaftari begani. Mama anajua yuko shuleni. Mwalimu anaita jina, hapati jibu. Anadhani mtoto anauguliwa au ametumwa shamba. Mtoto yuko kituo cha mabasi, au yuko ufukoni akiparua samaki, au yupo kwa mtu mzima asiyemtakia mema. Wiki tatu zinapita, na kila upande una amani kwa sababu ya upande wa pili. Siku wanapokutana, binti amekwisha kupata mimba, ama kijana hataki tena kuisikia kengele.

Hata hapo mlango haujafungwa. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ajili ya uzazi kurudi katika shule za kawaida. Lakini tangazo halimshiki mtu mkono. Msichana huyo atarudi ikiwa mama yake atakubali kumlea mjukuu, na mwalimu atakubali kumpokea bila kumfanya kuwa mfano wa aibu. Mmoja wao akikosekana, ruhusa hubaki karatasini.

Basi, tufanye nini? Mzazi, mjue mwalimu wa mwanao kabla hujaitwa. Nenda kikao cha wazazi, nawe baba uende, usimwachie mama peke yake. Kama hujui kusoma, fungua daftari hata hivyo. Utaona kama lina kazi mpya na kama limesahihishwa, nawe waweza kumwambia mtoto akusomee. Mwalimu akihamia kijijini kwenu, ambako hana ndugu, mkaribisheni kama mgeni wa Mungu. Nawe mwalimu, jina lisipoitika siku mbili, uliza. Mzazi akija, mpe kiti kwanza. Mweleze ukweli wa mtoto wake kwa maneno anayoyaelewa, mema kwanza, kisha yanayotakiwa kurekebishwa.

Usiku mmoja Bwana alimwita Samweli, naye hakuitambua sauti. Mara tatu alimwendea Eli. Ndipo mwalimu yule mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akamwonyesha kijana namna ya kuitika. Sauti haikuwa ya Eli, wala mwito haukuwa wa Hana. Mama alileta kanzu, mwalimu akamfundisha kusikiliza, na Mungu akampata nabii wake. Watoto wetu nao si mali yetu, wala si mali ya shule. Tumekabidhiwa pamoja kwa muda, na tutaulizwa pamoja.

Tuombe. Ee Baba, uwape wazazi moyo wa Hana usiochoka kupanda kila mwaka. Uwape walimu sikio lililo tayari kusikia kabla ya kulaumu. Watoto waliopotea katikati yetu, utusaidie kuwatafuta pamoja hata tuwapate. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.