Pombe Haioshi Vumbi



Maneno haya tuliyasema kwenye darasa la kisomo. Tunayabandika hapa ili na waliokuwa shamba au machimboni wayasome.

Vijana wetu wakirudi kutoka maduarani na kwenye makarasha huko Geita, husema pombe inaosha vumbi kooni. Hapana, jamani. Pombe haioshi kitu. Ikiingia tu mdomoni huanza kugeuka sumu inayoharibu chembe hai za mwili. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika orodha ya visababishi vya saratani, ya kinywa ikiwemo. Iwe gongo, iwe bia, iwe wanzuki, ni ile ile.

Je, mnywaji akiwasha na sigara, au akibwia ugoro? Hapo ndipo penye hatari kubwa. Pombe hulegeza ngozi ya ndani ya mdomo, sumu ya tumbaku ikapenya kwa urahisi. Hatari hizi mbili hazijumlishwi tu, zinazidishana. Sisi wa kisomo tunajua: 5 na 5 ni 10, lakini 5 mara 5 ni 25. Huo ni mfano, ila ndivyo mambo yanavyokwenda.

Na vumbi na zebaki je? Tusichanganye. Vumbi la mawe huumiza mapafu: huleta saratani ya mapafu na kukaribisha kifua kikuu. Mvuke wa zebaki hushambulia ubongo na figo. Hiyo siyo saratani ya kinywa, lakini mwili unaobeba yote haya ni mmoja. Kwa hiyo mawe yaloweshwe kabla ya kupondwa, na zebaki isichomwe nyumbani, watoto wakiwepo.

Tuangaliane midomo. Kidonda kisichopona wiki mbili, baka jeupe au jekundu, uvimbe, jino kulegea bila sababu: twende zahanati upesi, tupewe barua ya kwenda hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Saratani ikiwahiwa hutibika. Tukingoja maumivu, tumechelewa.

Mwisho, vibarua wa pamba tuwalipe fedha, siyo pombe. Mwaka 1973 wazee wetu walifundishwa redioni kwamba Mtu ni Afya, wakachimba vyoo. Na sisi tufanye la kwetu.



Katibu