Cheka na Mzazi, Usimcheke Mzazi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya akina mama, akina baba na wafanyakazi wa afya katika kikao cha kumbukumbu ya Kamati)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya vichekesho na aibu za uzazi, kwa kutumia mambo yanayowapata akina mama wenzetu kule Kawempe, Kampala. Wengi wenu mlipitia Kampala kabla ya kufika hapa, na wengine mna mabinti na wakwe wanaoishi huko hadi leo. Hata yule ambaye hajaiona Kawempe atayatambua mambo haya, kwa kuwa uchungu wa kuzaa haujui mji wala kambi.

Kawempe ni tarafa ya kaskazini ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Bombo. Watu ni wengi, nyumba zimebanana, na sehemu za bondeni kama Bwaise hujaa maji mvua kubwa ikinyesha. Mwaka 2016, Hospitali ya Mulago ilipokuwa ikikarabatiwa, huduma za uzazi zilihamishiwa katika hospitali mpya ya Kawempe. Tangu hapo hospitali hiyo imekuwa miongoni mwa zile zinazozalisha akina mama wengi kabisa nchini Uganda, zaidi ya watoto 20,000 kwa mwaka. Maana yake ni zaidi ya watoto 50 kila siku ya Mungu. Mbali na hospitali hiyo kubwa, tarafa ina zahanati nyingi, za serikali na za watu binafsi. Mahali pengi humo lugha ya kwanza utakayoisikia ni Kiganda, na hapo ndipo vichekesho vyetu vinapoanzia.

Kiganda na Kiswahili ni ndugu, lakini ndugu hawa wakati mwingine hawaelewani. Mama mmoja wa kutoka Bunia alikwenda kliniki akisindikizwa na mama mkwe wake. Muuguzi akampima tumbo, akafurahi, akasema, “Omwana akula bulungi.” Kwa Kiganda maana yake ni kwamba mtoto anakua vizuri. Mama mkwe akasikia “anakula”. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akimhoji mkwewe: “Anakula nini huko ndani, na wewe jana ulikataa ugali wangu?”

Mume wa mama mwingine alimfikisha mkewe usiku. Mkunga akamwambia, “Ssebo, linda wano.” Kwa Kiganda ni “Bwana, ngoja hapa.” Yeye akasikia kwamba amepewa ulinzi. Akasimama mlangoni, kifua mbele, akamzuia kila aliyetaka kuingia. Wa tatu kuzuiwa alikuwa daktari mwenyewe.

Neno linalowasumbua wengi zaidi ni “sindika”. Mkunga wa Kampala akiona kichwa cha mtoto kimekaribia hupaza sauti, “Sindika, nnyabo, sindika!” Anamwambia mama asukume. Anayejua Kilingala huenda akabahatika, maana atakumbuka “tindika”. Lakini mama mmoja wa Kiswahili kitupu alifikiri anaambiwa asindikize mtu. Akajibu kwa hasira kati ya uchungu na uchungu, “Nimsindikize nani, na mimi ndiye ninayeumwa?” Wauguzi wawili waliojua Kiswahili walicheka mpaka wakashika ukuta, naye akacheka pamoja nao, na mtoto akatoka katikati ya kicheko hicho.

Akina baba nao wana zao. Nchini Uganda mzazi hutakiwa kufika na vifaa vyake: glavu, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, nguo za mtoto, na kaveera, yaani karatasi ya plastiki ya kutandika kitandani. Baadhi hupata vifaa hivyo vimefungwa pamoja katika kifurushi kinachoitwa Mama Kit. Baba mmoja alitumwa dukani kununua kaveera. Kwa kuwa watu wa Kampala huuita hivyo hivyo mfuko wa sokoni, alirudi na kimfuko cheusi cha kubebea nyanya, akakitoa mbele ya watu wote. Mkunga akamuuliza, “Huyu mama atalalia wapi, ssebo? Humu mtatosha kuweka soksi za mtoto.”

Ndugu zangu, mmecheka, na ni vizuri. Hao wote walisimulia wenyewe na kucheka wenyewe. Sasa niseme juu ya aibu ya aina nyingine, ile ambayo mwenyewe haisimulii.

Mama mmoja, katika kituo ambacho sitakitaja, alipokuwa akisukuma alitokwa na choo. Aliyekuwa akimhudumia akamfokea, na waliokuwa vitanda vya jirani wakacheka. Mtoto alizaliwa salama. Lakini mimba iliyofuata mama yule aliapa moyoni kwamba hataonekana tena na watu katika hali ile. Uchungu ulipoanza akajifungia chumbani, akazaa peke yake, akatokwa na damu nyingi. Jirani alisikia kitoto kikilia muda mrefu bila kunyamazishwa, akasukuma mlango. Alibebwa kwa bodaboda katikati ya watu wawili hadi hospitali, akaongezewa damu, akapona. Mungu ashukuriwe, lakini tusifanye mchezo: kilichomweka mama yule nyumbani ni kicheko cha dakika moja.

Basi niyaseme wazi, na wazee wanisamehe. Kichwa cha mtoto kikishuka hukandamiza utumbo mkubwa wa nyuma. Kilichomo humo lazima kitoke. Mama anayetokwa na choo anasukuma sawasawa, na mkunga mwenye uzoefu hufurahi kuona hivyo kwa sababu anajua mtoto yuko karibu. Hufuta, hubadilisha kitambaa, huendelea na kazi. Wala hakuna haja ya kumpiga kila mama bomba la kumsafisha tumbo kabla ya kuzaa. Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo lifanywe kama kawaida.

Kuna aibu ya maji. Wanawake wengi wajawazito huvuja mkojo kidogo wakikohoa au wakicheka. Kwa sababu hiyo, chupa ya uzazi ikipasuka, wengine hudhani wamejikojolea, wakanyamaza. Tofauti ni hii: mkojo unaweza kuuzuia, maji ya uzazi huwezi, huendelea kutiririka hata ukikaza. Jikinge kwa kitambaa safi, uende kituoni bila kungoja uchungu. Na kama baada ya kuzaa mkojo au choo kinavuja saa zote bila kukoma, hiyo ni fistula. Si laana, si uchafu. Mara nyingi hutokana na uchungu uliokaa muda mrefu mno bila msaada, na fistula nyingi hutibika kwa upasuaji.

Kuna pia aibu ya kurudishwa nyumbani. Mama huenda kituoni usiku, huambiwa bado. Huenda tena, huambiwa bado. Majirani huanza kumtania, “Leo tena?” Mara ya tatu huona haya, hungoja mno, na mtoto huzaliwa juu ya pikipiki. Uchungu wa uongo huja ovyo ovyo na mara nyingi hutulia ukitembea au ukipumzika. Uchungu wa kweli hukaribiana na kuzidi nguvu. Lakini usipojua kutofautisha, nenda tu. Kurudishwa mara nne si aibu. Na damu ikitoka, au kichwa kikiuma sana na macho yakawa na ukungu, au uso na mikono vikivimba, au homa ikipanda, au mtoto akiacha kucheza, usihesabu hata mara. Ondoka saa hiyo hiyo.

Kwenu wafanyakazi wa afya nina maneno machache, nayasema kwa heshima kwa sababu tunaona mnavyochoka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 juu ya kujifungua inataka mama ahudumiwe kwa heshima, afichiwe siri yake, na awe na mtu amtakaye wa kukaa naye. Pazia si gharama kubwa. Pasipo pazia, kitenge cha mama mwenyewe kinatosha kikining’inizwa. Na pasipo mkalimani, yule shangazi au jirani aliyemleta anaweza kufanya kazi hiyo. Mama akicheka mwenyewe, cheka naye. Asipocheka, nyamaza.

Nchi hii imepiga hatua. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha vifo vya akina mama 336 kwa kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 189. Hatua hiyo ni kubwa, lakini kila mmoja katika hao 189 ni mama wa mtu. Akina mama watakuja vituoni kwa wingi zaidi ikiwa habari wanazosikia kutoka humo si za matusi.

Kwenu akina baba: jueni kaveera ni nini kabla ya mwezi wa tisa, na wekeni akiba ya nauli. Kwenu akina mama mnaokwenda Kampala, shikeni maneno haya: “sindika” ni sukuma, “linda” ni ngoja, “nnumwa” ni ninaumwa, “omusaayi” ni damu. Wafundisheni mabinti zenu pia, na wasimulieni yaliyowapata ninyi, yale ya kuchekesha na yale ya haya, ili wakifika kitandani wasidhani kwamba wao ndio wa kwanza.

 Mungu awajalie wazazi wetu wote wajifungue salama.