Ufunguo wa bomba unakaa kwa nani?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika)



Nimepewa mada ndefu: kuishi imani ya Kikristo katika jamii yenye dini nyingi na chini ya serikali isiyo na dini. Nilipoipokea niliona ni mada ya walimu wa vyuo vya theolojia. Halafu nikakumbuka bomba moja la maji, nikajua kwamba ni mada yetu sisi.

Usharika wenyewe sitautaja. Kijiji kile kina kanisa letu, kina msikiti, kina Wakatoliki na Wapentekoste, na wapo wazee wanaotambika mpaka leo. Tulipoleta maji ya mserereko kutoka mlimani, kituo kimoja cha kuchotea maji tulikijenga ndani ya uzio wa kanisa. Sababu zilikuwa nzuri. Kiwanja ni chetu, hakuna fidia ya kulipa, na mlinzi yupo. Aliyesaini mchoro ni mimi.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kupiga picha za taarifa ya wafadhili. Nikakuta wanawake wa upande wa msikitini wanatoka kijitoni na ndoo vichwani, wanapita mbele ya geti letu. Nikamwuliza bibi mmoja kwa nini hachoti pale. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, yale ni maji ya kanisa. Jumapili yanafungwa mpaka mtoke ibadani. Jioni geti linafungwa mapema. Na mimi kuingia mle kila siku na ndoo yangu, naona kama naingia nyumba ya watu bila kupiga hodi."

Hakuna aliyemfukuza. Hapakuwa na kanuni yoyote ya kumzuia. Hilo ndilo lililoniuma, maana ningekuwa na mtu wa kumkemea ingekuwa rahisi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi apate maji ndani ya mita 400, na nyumba ya yule bibi ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Kwa futi kamba tulikuwa tumefaulu. Na katika rasimu ya taarifa nilikuwa nimekwisha andika kwamba wanakijiji wote wananufaika.

Tuliitisha kikao. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kwa uchungu: "Sadaka zetu ndizo zilizoanzisha mradi huu. Tukilitoa bomba nje, na kibao chenye msalaba tukakiondoa, kanisa litajulikanaje? Tutakuwa na tofauti gani na shirika lolote?" Wapendwa, swali lile si la kijinga, nami sikuwa na jibu la haraka. Tukafungua daftari la mahudhurio ya siku za kuchimba mtaro. Kina Juma na Mwajuma walikuwa wengi kama kina Yohana na Maria. Kikao kikanyamaza kidogo.

Someni tena Yohana sura ya 4. Sisi tunakimbilia habari ya maji ya uzima, tunaruka mwanzo wake. Yesu amechoka, ameketi kisimani katika nchi ya Wasamaria, na anaanza kwa kumwomba mama wa watu wasiopatana na watu wake ampe maji. Chombo hana, mwenye chombo ni yule mama. Sisi tulianza kwa kutoa, tukabaki na ufunguo mfukoni.

Niseme kidogo kuhusu serikali, maana wengine wakisikia neno hilo la kutokuwa na dini wanaingiwa na hofu. Ibara ya 3 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema hivyo kuhusu nchi, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Nchi haina dini, lakini watu wake wanazo, na hata wimbo wetu wa Taifa ni sala. Baada ya sensa ya mwaka 1967, sensa zetu hazijauliza mtu ni wa dini gani. Cha ajabu, fomu yetu ya walengwa ilikuwa na safu ya "dhehebu". Niliwauliza wenzangu ofisini inatusaidia nini. Hakuna aliyejua. Tuliifuta.

Hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Mgonjwa haulizwi cheti cha ubatizo mapokezi, na kila mtu anajua ni hospitali iliyotoka kanisani. Kwa hiyo mzee wetu asihofu sana habari ya kujulikana.

Sasa niwageukie wafadhili, na mnisamehe kama nitasema waziwazi. Wapo wanaotaka kwenye taarifa tuandike idadi ya waliobatizwa kwa ajili ya mradi. Wapo wengine wanaotuomba tusifungue kikao kwa sala, tusije tukaonekana tunashawishi watu. Wote wawili nawaheshimu, na wote wawili siwezi kuwakubalia. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinakataza kutumia msaada kuendeleza msimamo wa dini. Nakubaliana nazo kabisa, maana maji yanayodai malipo ya imani si zawadi tena. Lakini mkulima wa kijijini kwetu hashangai mtu akisali. Anamshangaa asiyesali. Katika mikutano yetu sasa mchungaji anaomba na shehe anaomba dua, kila mmoja kwa njia yake, kisha tunasoma hesabu. Hapo kwenye hesabu ndipo ushuhuda wetu unapopimwa kwelikweli.

Kituo tulikihamishia barabarani. Fedha zilitoka kwenye fungu la sherehe ya uzinduzi, kwa hiyo hapakuwa na pilau wala fulana. Kibao kilibaki kwenye geti la kanisa. Mhazini aliyechaguliwa ni mama wa Kiislamu, na sijaona daftari safi kama lake. Tangu Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019, huduma hii vijijini iko mikononi mwa vyombo vya jamii chini ya RUWASA, kwa hiyo washarika wetu wanahudumu humo kama wanakijiji wenzao.

Yule mzee bado hajaridhika. Mchungaji naye analalamika kwamba Jumapili kelele za ndoo zinaingia katikati ya mahubiri. Yule bibi alimwuliza kwa nini tulijisumbua kulihamisha, naye akamjibu bila kuficha kwamba ni kwa sababu ya Kristo. Waliongea muda mrefu pale pale foleni.

Kabla ya chai, kila kamati ichukue karatasi iandike mambo mawili: ufunguo wa mradi wenu unakaa kwa nani, na ni nani anayepita mbele ya geti bila kuingia. Karatasi nitazikusanya mimi mwenyewe.