Damu Yako, Swali Lako

 

Wiki iliyopita wanafunzi wawili wa udaktari walifika kwenye bloku yetu. Walikuwa wanaomba damu kidogo ya watoto kwa utafiti wa malaria. Mama yangu alimvuta mdogo wangu ndani, akafunga mlango. Jioni, kwenye bomba la maji, maneno yalikuwa yale yale: "Wanaenda kuuza damu yetu."

Usimcheke mama. Kabla hatujakimbia Kivu aliwahi kutoa damu kwa watafiti. Walisema watarudi na majibu. Mpaka leo hawajarudi.

Lakini wewe uliyetoka Beni, Butembo ao Mangina, nikukumbushe jambo. Ebola ilipotangazwa kwetu mwezi wa Agosti 2018, hapakuwa na dawa iliyothibitishwa. Novemba mwaka huo utafiti ukaanza. Kati ya waliouongoza alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambaye alikwenda Yambuku kuuona ugonjwa huo tangu 1976. Dawa nne zililinganishwa, wagonjwa 681 wakashiriki. Agosti 2019 utafiti ulisimamishwa mapema, kwa sababu jibu lilikwisha kuonekana: dawa mbili zilikuwa zinaokoa watu wengi zaidi. Moja yake inaitwa Ebanga. Katika kila wagonjwa 100 walioipata, walikufa kama 35. Kwa dawa iliyotumika kama kipimo, walikufa kama 50.

Sasa sikiliza Ebanga ilitoka wapi. Ilitoka kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit, mwaka 1995. Miaka 11 baadaye alitoa damu, na watafiti wakakuta askari wa mwili wake bado wanaujua ule ugonjwa. Wakamchagua askari mmoja, wakajifunza kumtengeneza kwa wingi. Damu ya mtu mmoja wa Kikwit ikafika mpaka kwenye vitanda vya Beni.

Kwa hiyo utafiti una faida. Lakini utafiti si amri. Kabla hujakubali, uliza maswali manne:

Moja, mnatafuta nini?
Mbili, damu itakwenda wapi na itakaa kwa muda gani?
Tatu, kuna hatari gani kwangu ao kwa mtoto wangu?
Nne, majibu nitayapata lini, na nani atayaleta?

Una haki ya kukataa. Una haki ya kukubali leo na kujitoa kesho. Ukikataa, matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa, wala chakula chako.

Juzi nilimsindikiza mama kwenye kituo cha afya. Aliuliza yote manne. Matatu yakajibiwa vizuri. Kwa lile la nne, wale vijana walitazamana, wakaomba nafasi wakamuulize mwalimu wao. Mama akawaambia: "Nendeni, wanangu. Mkirudi na jibu, mtakuta mlango uko wazi."

Hawajarudi bado. Wakirudi, nitakuambia hapa hapa walisema nini.

Ukiwa na swali, liandike kwenye karatasi uliweke katika sanduku letu mlangoni pa studio. Mpaka wiki ijayo, ukae salama.