Nyaya Zimerudi, Hesabu Bado



Tarehe 1 Aprili 2025, jirani zetu wa Uganda walirudisha kazi ya kusambaza umeme mikononi mwa shirika lao la umma, UEDCL. Siku iliyotangulia ulikuwa umekwisha mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme. Nyaya, nguzo na transfoma zilikabidhiwa. Hesabu hazikukabidhika kwa wepesi huo. Serikali ililipa dola milioni 118 kwa mtaji ambao kampuni ilikuwa haijarejeshewa. Kampuni ikasema inadai zaidi, na shauri likaelekezwa kwa wasuluhishi London.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa Kenya mwaka 1922. Mwaka 1932 ikanunua hisa za kuitawala TANESCO, na mwaka 1936 ikapata leseni Uganda. Mkazi wa Dar es Salaam na mkazi wa Kampala kila mmoja alilipa ankara kwao, lakini mwenye sauti ya mwisho alikuwa mmoja.

Kampuni inayoshika hisa za nyingine huitwa kampuni mama. Si kosa kuwa mama. Hatari ni kwamba mama aweza kumuuzia mwanawe ushauri, vifaa na mikopo kwa bei anayoipanga mwenyewe, na gharama hiyo ikaingia katika ankara ya mwananchi. Mkaguzi wa serikali akifika, anafunguliwa vitabu vya mwana. Vya mama viko ng'ambo ya mpaka.

Marekani walilijua hilo kwa machungu. Himaya ya umeme ya Samuel Insull wa Chicago, kampuni juu ya kampuni, ilianguka mwaka 1932 na akiba za watu wengi zikapotea. Insull alikimbilia Ugiriki, akakamatwa Uturuki, akarudishwa kwao mwaka 1934. Polisi walitimiza wajibu wao. Hata hivyo mahakama ilimwachia huru. Mwaka 1935 ikatungwa sheria iliyozilazimisha kampuni mama za umeme kujiandikisha, kufungua hesabu zao na kupunguza ghorofa za umiliki. Sheria hiyo ilifutwa kwa uamuzi wa mwaka 2005, mwaka ule ule kampuni ya Umeme ilipoanza kazi Uganda.

Huku kwetu zilifuatwa njia fupi zaidi. Uganda iliunda bodi yake ya umeme mwaka 1948, na kampuni ile ikaondoka. Tanzania ilinunua hisa zake nyingi katika TANESCO mwaka 1964. Kampuni ikabaki Kenya, ikabadili jina mwaka 1983.

Baadaye Uganda ilijaribu njia ya tatu. Kwa sheria ya mwaka 1999 iliunda mamlaka ya kudhibiti umeme, kisha mwaka 2001 ikaigawa bodi yake katika mashirika matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Mali ikabaki ya umma, kampuni ikakodishwa kuiendesha. Haki itendeke: upotevu wa umeme, uliokuwa zaidi ya asilimia 30, ulishuka chini ya asilimia 20. Lakini kila shilingi iliyowekezwa ilipaswa kukubaliwa na mdhibiti kabla ya kudaiwa, na mabishano ya mwisho yalikuwa kuhusu shilingi zipi zilikubaliwa.

Ninyi askari mnaifahamu kazi ya kulinda kituo cha umeme. Mwizi wa waya huonekana: ana msumeno, ana gunia, na nyayo zake hubaki matopeni. Gharama iliyoongezwa katika daftari haina nyayo. Mlinzi wake ni mhasibu wa umma mwenye haki kisheria ya kufungua daftari hilo wakati mkataba ungali hai, si siku ya kukabidhiana funguo.